Mfumbati wa Bibi Kheiria

Katika majlisi ile, ukumbi wa wageni wa kiume, walicheka wote, na Thani ndiye aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote. Hilo peke yake lingemtosha mwenye akili kujua nani kaumia.

Walikuwa wamekwenda Mabela, pembezoni mwa Maskati, kwenye nyumba mpya ya Saeed iliyokuwa bado inanuka rangi, kumaliza maneno ya posa: Rawya, binti wa Thani, aolewe na Hatem, kijana wa Saeed. Kahawa ilizunguka, halua ikazunguka, mahari yakakubaliwa bila ya mtu kutoka jasho. Ndipo mdogo wake Saeed, bwana mwenye ndevu nzuri na ulimi mbaya, alipoeleza utaratibu wa harusi. Ingefanywa kwao, Sharqiya. Alasiri ya siku hiyo wanaume wa nyumba mbili husimama safu moja bondeni wakapiga shabaha, na kila nyumba huja na bunduki yake. Ya kuazima haihesabiwi. Asiye nayo hana makosa. Atakaa chini ya turubali pamoja na wageni, ataletewa maji baridi.

"Na nyinyi, ya Thani," akauliza, "nyumbani mna bunduki gani?"

Thani akachukua kipande kingine cha halua.

"Mwacheni bwana," akasema yule yule. "Wazinjibari silaha yao ni mwiko wa pilau!"

Hapo ndipo walipocheka. Na Thani hata Unguja kwenyewe hakuzaliwa. Yeye mtu wa Tabora. Lakini kwa watu wa pale kila Mwomani aliyerudi kutoka Afrika na Kiswahili mdomoni ni Mzinjibari, na siku ya posa si siku ya kufundishana jiografia.

Njiani kurudi Al Khuwair, mwanawe Loai akiendesha gari, mkewe Bakhita aliinama mbele kutoka kiti cha nyuma.

"Mlichekea nini nyie? Sisi huko kwa wanawake tulisikia mpaka vikombe vikatikisika."

"Mambo ya wanaume," Thani akajibu.

"Walisema silaha yetu ni mwiko wa pilau," Loai akatoboa.

Bakhita alifikiri kidogo. "Si uongo. Mie baba yako nshampiga nao."

Akacheka peke yake. Thani alikuwa ameshaishiwa na kicheko. Chote alikitumia Mabela.

*

Ami yake Thani, marehemu Msellem, alimwachia saktuni. Tuseme kweli: alimwachia kipande cha saktuni. Hiyo ni bunduki ndogo ya shabaha, risasi yake nyembamba kuliko penseli, na kila mzee wa huko ndani Omani anayo moja nyuma ya mlango. Ya Msellem ilibaki chuma cha kati na karatasi yake ya polisi. Mtutu uliliwa na kutu, kitako kikaliwa na mchwa. Chuma kilikaa kabatini kimezongwa fulana kuukuu, kama mgeni aliyesahauliwa kukaribishwa chakula.

Thani alikipeleka Hamriya kwa Dadkarim, Mbaluchi mwenye kibali cha kutengeneza silaha na duka lenye upana wa godoro. Dadkarim alikigeuza huku na huku, akakipuliza vumbi.

"Hii si bunduki," alisema. "Hii ni habari ya bunduki."

"Vilivyobaki vitapatikana?"

"Hakuna kisichopatikana. Mwenye kupatikana kwa shida ni mwenye pesa."

Basi Thani akaanza kazi ya kutafuta vya rahisi. Kila alasiri, akitoka kazini kwake wizarani, badala ya kwenda kulala kama watu wenye heshima zao, alikwenda Hamriya, akaja Ruwi, akapanda Matrah, kanzu nyeupe ya afisi imemganda mgongoni. Dukani alikaribishwa kwa bashasha, kwa sababu kwa sura alikuwa bwana wa wizara. Kisha bei ikatajwa, naye akajifanya simu imelia, akatoka nje anazungumza na simu iliyonyamaza. Duka moja alijifanya hivyo mara mbili. Mara ya tatu mwenye duka alimwahi mapema: "Arbab, bwana mkubwa, simu yako inalia."

Kidogo kidogo vikapatikana. Mtutu ulitoka kwenye bunduki ya mzee mmoja aliyefariki, warithi wakauza bila ya kubishana. Kifyatulio Dadkarim alikitoa kwenye nyingine iliyokuwa haina matumaini. Parafujo moja Thani aliing'oa kwenye cherehani ya Bakhita, na Bakhita aliitafuta mpaka akamshuku paka wa jirani.

Kikabaki kitako.

"Kipya kinatoka Italia," alisema Dadkarim. "Bei yake nitakwambia ukishakaa."

Thani akakaa. Akaambiwa.

"Ungeniambia nilale kabisa," alisema.

Dadkarim alicheka, halafu akamwonea huruma, jambo ambalo lilimuuma zaidi kuliko bei. "Basi niletee ubao nikuchongee mwenyewe. Lakini usiniletee wa sokoni, huo utapinda kabla ya harusi kwisha. Nataka ubao mkongwe, uliokauka mpaka ukasahau kama ulikuwa mti."

*

Nyumbani Al Khuwair ubao wa namna hiyo ulikuwepo, na Thani aliujua kabla hajafika kwenye gari.

Mama yake Bakhita, Bibi Kheiria, alikaa nao. Macho yalikuwa yamemwishia, sukari imeyachukua, lakini masikio na ulimi aliachiwa kamili. Alilala juu ya kitanda cha chuma cha kupandisha na kushusha kama cha hospitali, na kila siku alikidharau. Kitanda chake hasa, samadari ya msaji iliyotoka Unguja vipande vipande ndani ya meli, kilikuwa stoo chini ya jengo, kimefungwa mkekani: miguu minne ya kukereza, kichwa chenye vioo vya maua, na mifumbati miwili, zile mbao ndefu nene za ubavuni zinazoshika kitanda kisimame. Tangu wafike Maskati hawakupata chumba cha kukienea.

"Rawya," Bibi Kheiria alikuwa akimwita mjukuu wake, "njoo nkwambie. Mie nimeolewa juu ya kitanda kile. Mama yako kazaliwa juu yake. Babu yako kafa juu yake, tena kafa vizuri, anacheka. Sasa chako. Huko Mabela wana nafasi, kitapumua."

"Bibi, Hatem kashanunua chumba kizima, kabati na kitanda, mtindo mpya."

"Hatem akalale kwenye kabati."

Rawya akacheka mpaka akakaa chini. Kisha bibi akageuza uso upande aliposikia viatu vya mkwewe. "Thani, mwanangu. Utakisimamisha wewe?"

"Ntakisimamisha mama, inshallah."

"Mchwa hawajakiingia?"

"Hawajakiingia."

Na kweli mchwa hawakukiingia. Ijumaa, wanawake walipokwenda kutazama nguo za harusi na Loai yuko kazini, Thani alishuka stoo, akaufungua mkeka, akachomoa mfumbati mmoja. Alishangaa uzito wake. Ulikuwa na mstari wa rangi nyekundu ya zamani na maua madogo ya manjano, na mwisho mmoja tundu la mraba unapoingia ulimi wa mguu. Aliunusa. Ulikuwa na harufu ya udi bado.

Alijipangia hoja zake, na mtu akitaka hoja hazikosi. Kwao Tabora walilala vitanda vya kamba na wakazaa watoto wakamaliza sufuria. Mbao ni mbao. Baada ya harusi, mshahara ukiingia, angeupeleka mfumbati wa pili kwa fundi wa Kihindi autazame, achonge mwenziwe. Kitanda kingesimamishwa baada ya bi harusi kumaliza siku zake saba za fungate. Haraka ya nini? Hayo ya siku saba alijiamulia mwenyewe. Hakumuuliza mtu yeyote, maana angeuliza vipi?

Akaufunga mkeka tena, vizuri kuliko ulivyokuwa.

*

Dadkarim aliupitishia mkono ubao ule kama mtu anayempapasa farasi. "Umeutoa wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumba gani ina mbao kama hii haina bunduki?" Akachukua msumeno. Kabla hajakata alimtazama Thani usoni, mara moja tu. "Nikate?"

Thani alikuwa amegeukia barabarani, anatazama magari. "Kata."

Ilitoka bunduki ambayo hata Dadkarim alichelewa kuitoa mkononi. Msaji ulikuwa mwekundu wa asali iliyoungua. Tundu la mraba liliangukia nyuma ya kitako, na fundi alilizibia shaba, likawa kama pambo la makusudi. Polisi waliikagua, wakaiandika kwa jina la Thani. Alipotoka pale aliiweka kiti cha mbele, akasita, akaifunga mkanda wa gari.

Nyumbani Loai aliipenda, akauliza maswali. Bakhita aliitazama kutoka mlango wa jiko, mkono umejaa unga.

"Nzuri. Mbao hii imenunuliwa?"

"Dadkarim kanipatia."

"Mh. Mtu mwema." Akarudi kwenye unga wake. Bibi Kheiria, chumbani, aliuliza nini hicho kinachonukia udi. Wakamwambia ni nguo za Rawya.

*

Sharqiya, alasiri ya harusi, Thani alisimama kwenye safu.

Tumpe haki yake: alipendeza. Kilemba alifungiwa na Loai, jambia la kiunoni alilivaa mbele barabara, na bunduki aliishika kama mtu aliyezaliwa nayo, jambo alilolifanyia mazoezi mbele ya kioo cha chooni. Ng'ambo ya bonde waliweka jiwe jeupe juu ya jiwe jeusi. Mmoja mmoja walipiga. Zamu yake ikafika, na yule bwana wa ndevu nzuri akapaza sauti, "Mpisheni mwenye mwiko!"

Risasi ya kwanza ilifukua vumbi. Kukawa kimya kile cha adabu ambacho ni kibaya kuliko kucheka. Ya pili ililirusha jiwe jeupe vipande viwili.

Wanaume wakapiga ukelele, ngoma zikalia, na mtu akamshika Thani bega. Kama roho ingemtoka pale pale angekwenda nayo kwa furaha. Yule mwenye ulimi mbaya alikuja kumbusu pua kwa pua.

Saeed, baba wa bwana harusi, aliomba kuitazama bunduki. Alikuwa mtu mpole, mzito wa mwendo. Aliipakata, akakisugua kitako kwa kidole gumba. "Mashallah, ya Thani. Mbao hii! Sijapata kuona."

Sasa huko wana desturi yao. Ukisifiwa kitu huna budi kusema, "Ma yighla alek," yaani si kitu cha kukunyima wewe. Na aliyesifu atajibu, "Mungu akubariki nacho," akurudishie. Unaweza kukitoa tena mara ya pili, kwa uzuri, naye akakataa tena kwa uzuri zaidi, na kila mtu akaenda nyumbani na chake. Watu wa pale huijua ngoma hiyo toka utotoni, wanajua inakatikia wapi. Thani alijifunza ukubwani, na mwenye kujifunza ukubwani huzidisha chumvi.

"Ma yighla alek," akasema Thani.

"Mungu akubariki nayo," akasema Saeed, akaanza kumrudishia.

"Hapana, chukua. Yako."

"Imefika, ya Thani. Imefika na imerudi."

Hapo ndipo pa kunyamaza. Lakini macho yote yalikuwa juu yake, ngoma zinalia, na tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumtazama vile.

"Wallahi," akasema, "wallahi utaichukua!"

"Usiape!" Saeed alimshika mkono. "Usiape, ndugu yangu..."

Alikuwa ameshaapa. Kumrudishia mtu zawadi aliyoiapia mbele ya watu ni kumtemea mate usoni. Saeed alisimama kitambo kizima na bunduki mkononi, hakufurahi hata kidogo. Kisha akaitundika begani, akamchukua Thani, akamsimamisha kuliani kwake mbele ya safu. Wakaimba wakitembea, panga juu. Thani alitembea nao. Alikuwa ameshafika mwisho wa bonde ndipo mikono yake ilipomkumbusha kwamba ni mitupu.

*

Asubuhi ya pili yake, nyumbani Al Khuwair, kabla ya maharusi kurudi kutoka Sharqiya, Bakhita alimwamsha.

"Inuka. Loai kashapakia kitanda kwenye pikapu."

"Kitanda gani?"

"Kitanda gani! Samadari. Bi harusi ataingia leo nyumba ile akute kimesimama."

Thani alikaa. "Si baada ya fungate?"

"Nani kakwambia? Mpaka fungate iishe atalalia nini, ahadi? Hayo ya kwenu Tabora. Kwetu bibi harusi hukikuta kitanda, hakimkuti yeye. Mama yuko garini tayari, kavaa buibui lake la harusi."

Njia nzima ya Mabela Thani alihesabu nguzo za taa. Bibi Kheiria ndiye aliyezungumza, akamfundisha Loai kichwa kikae upande gani na shuka itandikwe vipi. Loai alimjibu, "Ndiyo bibi, ndiyo bibi," anaendesha kwa mkono mmoja.

Chumba cha maharusi kilikuwa kipana, upande wa wanawake, ukuta mmoja umepakana na majlisi ya wanaume. Kitanda cha mtindo mpya Hatem alishakihamishia kwingine, akijua amri ya bibi. Wakamkalisha Bibi Kheiria kwenye kiti. Loai aliufungua mkeka sakafuni, akapanga: miguu, kichwa, vioo, mfumbati. Akainua mkeka, akaukung'uta. Akatoka kutazama kwenye gari, akarudi.

"Baba, mifumbati si miwili?"

Thani aliuchukua mkeka, akaanza kuukunja.

Loai alikuwa amepiga magoti mbele ya ule mmoja uliobaki, rangi nyekundu na maua ya manjano. Akaweka kidole kwenye tundu la mraba, mwishoni. Akakiacha kidole mle.

"Baba," alisema polepole. "Ile shaba."

Bakhita alimtazama mwanawe, akamtazama mumewe. Hakupiga kelele. Wangeomba apige kelele. Alikaa kwenye ukingo wa dirisha.

"Thani. Nenda kaitake bunduki kwa Saeed."

"Siwezi."

"Mwambie umekosea. Mwambie mkeo kichaa."

"Nimekula yamini, Bakhita. Mbele ya watu wote. Nikiitaka leo, anayekaa nao nyumba hii ni nani? Ni mimi? Ni Rawya. Watamsema mpaka wajukuu."

"Ungeniambia mie," Bakhita alisema. "Ungeniambia tu kwamba kule kucheka kwao kulikuuma. Nna bangili, nna kinywa. Mie nlifanya mzaha nawe garini, na wewe ukanyamaza."

"Ningekwambiaje?"

"Kwa Kiswahili!"

Bibi Kheiria alikuwa amegeuza uso upande wao, mikono juu ya mapaja, na ilikuwa wazi kwamba hakuna neno lililompita. Alinyoosha mkono hewani. Loai alielewa, akaunyanyua ule mfumbati mmoja, akamwekea mapajani. Mzee aliupapasa toka mwisho hadi mwisho, akafika kwenye tundu.

"Huu wa upande wa babu yako," alisema. "Uliokwenda ndio wangu."

Bakhita alifunika uso kwa mtandio.

"Msilie. Gari la Rawya li njiani." Sauti yake ilikatika, akaitafuta, akaipata. "Loai, funga kitanda. Upande mzima uelekee mlangoni. Upande mbovu usukumeni ukutani, tafuta matofali, utakaa juu yake. Shuka itafunika. Asiambiwe Rawya."

Loai aliunganisha vipande. Kitanda kilisimama kwa upande mmoja, upande wa pili kikawa kinaning'inia kama mtu aliyepooza. "Mtu ashike hapa nkatafute matofali," alisema, na hakumtazama babake alipokuwa akisema.

Thani alijipenyeza kati ya kitanda na ukuta, akainama, akaweka viganja chini pale ulipokuwa mfumbati. Uzito wote ukamjia mabegani. Loai akatoka. Nje ya nyumba kulikuwa na watoto wa Saeed wanapamba lango.

Ndipo ukuta ukaanza kugongwa. Kishindo kimoja, viwili, chokaa kidogo ikamwangukia Thani shingoni. Sauti ya Saeed, pole, ya Kiarabu, ilisikika majlisini ikimwambia mtu: juu kidogo, juu, pale pale, kila mgeni akiingia aione kwanza.

"Nani anatugongea?" aliuliza Bibi Kheiria.

Bakhita ndiye aliyejibu. "Wanatia msumari, mama. Wanatundika bunduki."

Mzee alisikiliza mpaka nyundo iliponyamaza. Majlisi ile ni ya wanaume. Rawya angekaa nyumba ile miaka na asiwe na sababu ya kuingia. Pale ulipo, mfumbati haukuwa mbali na kitanda chake hata upana wa mkono.

"Thani, mwanangu," alisema. "Umeshika?"

"Nimeshika, mama."

"Basi shika."